Punje ya Ndege

Mama mkwe wangu ni mkulima wa Kulesa, na kila shimo hulitilia punje nne za mahindi. Moja, husema, ni ya ndege. Tatu ni zetu. Maji ya mto Tana yakishashuka na kuacha tope jeusi, huinama tangu asubuhi akidondosha nne, nne, bila hata kutazama. Mimi mwalimu wa biolojia wa Garsen nilimcheka sana mwaka wa kwanza wa ndoa. Sicheki tena.

Mwanangu wa kwanza ana selimundu. Chembe za damu yake hujipinda kama mundu, zikakwama njiani, naye hulia kwa maumivu ya mifupa mpaka sauti inamkauka. Daktari alitueleza kwamba mimi na mume wangu kila mmoja amebeba jeni moja yenye kasoro bila kujua, na kwamba katika kila mimba, kati ya bahati nne, moja ni ya ugonjwa. Mama mkwe aliishika ile nne. Nilipopata mimba ya pili akanikamata mikono kwa furaha.

"Usiogope, mwanangu. Wa ndege kashatoka. Hawa watatu ni wetu."

Wiki hiyo nilikuwa nafundisha kidato cha nne meyosisi, mgawanyiko wa seli unaotoa mayai na mbegu za kiume. Nilichora ubaoni kromosomu zikijipanga mbili mbili, ya baba kando ya ya mama, zikabadilishana vipande, kisha seli ikagawanyika mara mbili. Yai hubaki na nusu tu, na nusu ipi, hakuna anayechagua. Ndiyo maana, niliwaambia, ndugu wa tumbo moja hawalingani. Msichana mmoja akauliza: je, yai la pili hujua la kwanza lilichukua nini? Nilimjibu kwa ukali, utadhani kanitukana. Halijui. Yai halina kumbukumbu, kila mara huanza upya.

Nikafunga kitabu, nikaenda nyumbani, nikaamini mahindi.

Sina la kujitetea. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilitapatapa nikashika punje za mama mkwe. Binti yangu alizaliwa na masikio ya bibi yake na kicheko cha baba yake. Nesi alituambia tumrudishe apimwe damu. Nikasema wiki ijayo. Mtoto alikuwa mnene, ananyonya vizuri, ya nini kumchomachoma sindano? Wiki ijayo ikafika miezi sita. Niliogopa karatasi ya majibu, huo ndio ukweli.

Jumamosi moja nilikuwa uani nafua nepi zake. Mama mkwe akatoka ndani amembeba, akachuchumaa mbele ya beseni, akanifungulia viganja vya mtoto. Vidole vilikuwa vimevimba, vinang'aa, vina moto. Kaka yake alianza hivyo hivyo. Nikakaa chini kwenye maji.

"Huyu naye?" akasema. "Si ndege kashakula?"

"Mama, kila mtoto ana shimo lake," nikamwambia. "Na kila shimo, ndege huanza upya kuchagua."

Alivipulizia vile vidole. Mtoto alikuwa analia sasa. Kisha akaniinulia macho, bila hasira hata kidogo.

"Na wewe mwalimu, ulijua?"

Nilijua.