Nyuzi Nane na Sauti ya Mwanakombo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda mlimani Amani, kwenye kituo cha utafiti wa misitu, nikiwa na viatu vya ofisini visivyojua tope la milima ile. Mkuu wa Kituo alinipokea mlangoni, akanitazama miguu, akacheka. "Karibu, Rehema. Huku hata kompyuta zinashikwa na baridi."

Kazi yangu ilikuwa kutunza picha za majani. Zilikuja zimebanwa pamoja katika faili moja la zip, nasi tukazifungua, yaani kuzitoa mojamoja na kuziandika kwenye diski. Mashine zetu zilikuwa za Windows, na kila picha ilipomaliza kuandikwa, antivairasi iliipekua kabla ya kuiachia. Programu yenye uzi mmoja, maana yake mkondo mmoja wa kazi, ilisimama tu ikingoja. Tulipoipa nyuzi kadhaa, mmoja ukingoja, nyingine zinaandika. Kazi iliyokuwa ikila asubuhi nzima ikawa inaisha kabla ya chai.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Tanga mjini, kwenye ofisi iliyohifadhi rekodi za wazee wakizungumza lugha za pwani, Kimtang'ata kikiwamo. Mkuu wa Kitengo alikuwa Bi Riziki, mama wa mtaa wa Ngamiani mwenye sauti ya taratibu. Kila alipofungua rekodi ya mzee, hata aliyekwisha kufariki, alitamka "Shikamoo" kwanza. Nilidhani anatania. Baada ya mwezi nami nikawa natamka.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Bakari wa Tongoni, ameshikwa mkono na bintiye, Mwanaisha. Masikio yake yalikuwa yanakufa. Kesho yake angepasuliwa uvimbe wa kichwani huko Moshi, na daktari alishawaambia kwamba upasuaji ungeweza kuondoa hata kusikia kidogo kulikobaki. Basi lao lilikuwa la mchana.

"Mama yetu mlimrekodi akiwa hai," Mwanaisha alisema. "Baba anataka amsikie leo. Kesho hatuijui."

Watafiti walikuwa wamezikata rekodi sentensi kwa sentensi, kwa hiyo faili lao la zip lilibeba vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, vyenye majina ya namba tupu. Jina la msemaji lilikuwa ndani ya faili dogo la maandishi lililoambatana na kila kipande. Ilibidi tufungue vyote, ndipo tutafute.

Zip lenyewe lilikuwa kwenye diski ya nje, ya kuzunguka, yenye mfumo wa faili kama ule wa flashi. Nilianza kulifungulia humo humo, kwa uzi mmoja: polepole mno. Nikaweka nane: ikawa polepole zaidi, diski ikikwaruza kama mtu anayeparua ukoko. Sindano yake ya kusoma na kuandika ilirukaruka kuhudumia nyuzi zote, na mfumo ule, kila ukipokea faili jipya, uliipitia orodha ya folda nzima kuhakikisha jina halijatumika. Nyuzi zilizotufaa Amani hapa zilikuwa zinagombana.

"Kuna diski nyingine?" Bi Riziki aliuliza.

"Ya seva. Haina sindano, na mfumo wake wa Linux unapokea faili nyingi kwa pamoja bila kupekua orodha nzima. Lakini Mkurugenzi amekataza isiguswe saa za kazi."

Alimtazama Mzee Bakari, aliyekuwa ameinamisha kichwa, kiganja nyuma ya sikio, akihofia kupitwa na neno.

"Andika kwenye seva, mwanangu. Mkurugenzi nitamjibu mimi."

Nikasoma kutoka diski ya nje na kuandika kwenye seva kwa nyuzi zile zile nane. Faili zikamiminika kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Nikatafuta jina: Mwanakombo. Nikamvisha mzee spika za masikioni, sauti nikaipandisha hadi mwisho, nasi wote tukaisikia.

Mama yule alikuwa akieleza namna ya kusuka ukili wa mkeka. Katikati ya maneno akageuka: "We Bakari, funga huo mlango, kuku wanaingia!"

Mzee Bakari akainua kichwa. "Nishafunga, Mwanakombo," akajibu, kwa upole kabisa.

Mwanaisha akajifunika uso kwa mtandio. Bi Riziki akatoka nje, akakaa huko kitambo. Mzee aliomba irudiwe, na kila mara akajibu vile vile, mpaka wakati wa basi ukafika.

Upasuaji uliokoa maisha yake. Masikio hayakurudi.

Mimi nimestaafu sasa. Vijana hunipigia kuniuliza waweke nyuzi ngapi, nami huwajibu kwa swali: unaandika wapi, na nani anangoja? Wengine hudhani uzee umenizidi.

Mwezi uliopita nilikwenda Tongoni kumjulia hali Mzee Bakari. Nilimwamkia kwa mkono kifuani, akatabasamu. Mwanaisha aliweka spika ndogo mkekani, akawasha rekodi za mama yake. Mzee alilaza kiganja juu ya spika iliyokuwa ikitetema, akafumba macho.

"Hapa anacheka," alisema.

Na kweli, alikuwa anacheka.