Fundi Alipopanda Jukwaani Kakuma

Mwaka 2012 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kakuma, mgeni kutoka Kakamega, na rafiki yangu wa pekee alikuwa fundi cherehani Mkongomani aliyeishi kambini. Aliniita mwalimu, nilimwita dada, maana alinizidi umri. Mara moja tu aliwahi kuniambia kwamba kwao Bukavu alikuwa mnenguaji katika bendi ya mumewe. Mume aliuawa vitani. Tangu hapo hakucheza tena, hata harusini.

Siku moja akaja mwanamuziki mashuhuri kutoka Nairobi na bendi yake nzima. Begi la mavazi ya wanenguaji lilikuwa limesahauliwa Kitale, basi dada akaitwa. Alishona sketi sita za kitenge kwa siku moja na nusu, mimi nikimkatia nyuzi.

Onyesho lilianza saa tisa mchana, vumbi tele uwanjani. Tulisimama ubavuni mwa jukwaa, sketi ikifumuka airekebishe. Wimbo wa mwisho ulipofika, mpiga gitaa akaingia sebene, ile sehemu ya gitaa ya kunengua, nikaona bega la dada linatikisika. Mwanamuziki naye aliliona. Akainama, akamnyooshea mkono.

"Mwalimu, minaogopa," dada akasema, amening'ang'ania.

"Nenda, dada. Nitakushikia viatu."

Akapanda peku, tepu ya kupimia ingali shingoni. Alianza kwa haya, macho chini. Kisha kiuno kikaitikia gitaa. Wanenguaji wakampisha katikati; mwanamuziki akaacha kuimba, akawa anapiga makofi tu. Akina mama wa Kiturkana waliokuwa mbele wakaanza kuruka, shanga zikipanda na kushuka shingoni. Dada alikuwa akicheka huku analia.

Aliposhuka akaninong'oneza, "Nimemuona." Sikumuuliza nani.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Lodwar, naye akapata safari ya kuhamia ng'ambo. Alinipigia simu asubuhi ya kuondoka. Nilikuwa nasimamia mtihani wa darasa la nane, simu nimeiacha ofisini. Nilipompigia, hakupatikana.

Jumamosi nilikwenda Kakuma hata hivyo. Chumbani kwake nilimkuta mama Msomali aliyekuwa jirani yake, amehamia na watoto wake. Akanikaribisha chai ya iliki.

"Alikungoja," akasema. "Mpaka basi likapiga honi."

Nikainywa ile chai polepole, nikiangalia ukuta ambao cherehani ilikuwa ikiuegemea.