Cucu, Mimi Si Padre

Jamani, hii aibu ningeenda nayo kaburini, lakini watu wa Makongeni wameshaifikisha mpaka Ruiru kwa walimu wangu, kwa hivyo afadhali mnisikie mwenyewe. Mimi ni bruda, mtawa, na ndiye mkuu wa shule moja hapo Ruiru. Bruda si padre: hasomi misa wala haungamishi mtu. Nafundisha hesabu, nasali, naosha sufuria zamu yangu ikifika. (Nimeeleza hivi tangu niweke nadhiri, na mama yangu mzazi bado huniuliza misa yangu ya kwanza ni lini.)

Basi Jumamosi moja Mama Njeri, mzazi wa shuleni, akaniita kwake Makongeni nimwombee mamake, ambaye wote humwita Cucu, yaani nyanya, na ambaye angepasuliwa goti Jumatatu. Kuombea mtu naweza, nikavaa kanzu yangu nyeupe, nikawasha pikapu ya shule. Langoni jirani yao, kijana wa bodaboda, akanipokea: "Karibu Fadha!"

"Mimi ni bruda," nikamwambia.

Akacheka, akanipa gota, ngumi kwa ngumi. "Hata mimi ni bro wako, Fadha! Sisi wote ni mabro!"

Hapo ndipo ningesimama nieleze, lakini harufu ya kuku ilikuwa imenifikia, nikaona nitaeleza tukishakula.

Wapi! Kijana akataka niombee pikipiki yake, nikaomba, nikainyunyizia maji kidogo, na watu walipoona maji wakaleta yao, huyu rozari, yule funguo za kioski, mwingine mtoto mwenye kikohozi, kila mtu Fadha, Fadha, na kila nikifungua mdomo naletewa kitu kingine. Kugeuka hivi, akina mama wa jumuiya wameshatandika kitambaa cheupe mezani, mishumaa inawaka, wanaimba wimbo wa kuanza misa! Nikamtafuta Mama Njeri nimnong'oneze (nilikuja kujua baadaye kwamba yeye hudhani bruda ni fadha ambaye hajazeeka), lakini Cucu akaita kutoka chumbani: "Fadha aje kwangu kwanza. Nyinyi wengine kaeni nje."

Mlango ukafungwa. Cucu akanishika mkono, akafumba macho. "Nibaliki Fadha, kwa sababu nimekosa. Dada yangu wa Kiandutu..."

"Cucu, ngoja kidogo, mimi si padre."

Kumbe Cucu hasikii vizuri. "...alikuja kwa matanga ya mzee wangu, nikamfukuza mbele ya watu..."

Nikapandisha sauti, naye akaendelea. Basi mimi, niliyezoea kunyamazisha paredi nzima ya wanafunzi bila spika, nikapaza: "CUCU! MIMI SI PADRE!"

Ukuta wa chumba kile ni mabati. Huko nje wimbo ukakatika katikati.

"Ngai!" Cucu akaniachilia mkono. "Na hiyo kanzu ni ya nani?"

Halafu akaanza kulia. "Jumatatu naenda kukatwa. Nikifia huko na hii kitu kwa roho, nitamwambia Mungu nini?"

Niliumia. Kuchekwa na watu si kitu, lakini kwa ajili ya paja la kuku nilikuwa nimemchezea cucu wa watu. Nikatoka, nikawaambia wote, "Nisameheni, mimi ni bruda tu," na yule kijana akaenda kuikagua upya pikipiki yake niliyoiombea. Nikakimbiza pikapu mpaka parokiani. Padre alikuwa mezani, akanisikiliza, akacheka mpaka akapaliwa na ugali, lakini alikuja.

Alipomaliza na Cucu nikaitwa. Nikaingia nimeinama, nikingoja kugombezwa.

"Fadha amemaliza kazi yake," Cucu akasema. "Sasa wewe, bruda maana yake si ndugu? Nipeleke kwa dada yangu."

Tukambeba mimi na yule kijana, tukamkalisha mbele kwenye pikapu, nikaendesha polepole mpaka Kiandutu kwa sababu ya lile goti. Dada yake alikuwa akianika nguo. Aliona kanzu kabla hajaona nani yuko ndani ya gari, akapangusa mikono haraka. "Haiya! Karibu Fadha!"

Kabla sijafungua mdomo, Cucu akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Huyo si Fadha! Ni bruda! Ni mimi nimemwambia anilete!"

Wale wazee wawili wakatazamana, halafu wakaangua kicheko, wakashikana mikono kupitia dirisha na hawakuachana.

Kuku sikumwona hata mfupa. Na tangu siku hiyo najitambulisha langoni, kabla ya salamu, kabla sijanusa chochote.