Fomati Kwanza

Studio yetu ya video za harusi ilikuwa Sinza, na kila tulichorekodi tulikihifadhi kwenye kompyuta yenye diski mbili. Nilizipanga mwenyewe kwa programu ya Linux ili zibebe vitu vilevile: moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu. Bosi aliniita mwoga.

Moja ikafa. Wiki hiyohiyo akaja mwalimu mmoja wa Kawe. Tulikuwa tumerekodi send-off yake, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi, na sasa baba yake amefariki. Alitaka nasaha ambazo mzee alimpa siku ile, ndugu wazisikie kwenye arobaini. Sauti nyingine ya baba yake hakuwa nayo.

"Usijali, sista," nikamwambia. "Ipo." Na kweli ilikuwepo.

Nikaenda Kariakoo kutafuta diski ya kuziba pengo. Ningeiweka, ile nzima ingejinakili humo yenyewe, kazi imekwisha. Nilimsihi bosi asiguse kitu. Lakini bosi ukimkataza jambo ndiyo unamchochea. Akaichomoa ile diski nzima, akaichomeka kwenye laptop yake ya Windows, ambayo diski za Linux haizisomi. Ikamuuliza kama aifomati, yaani afute vyote vilivyomo. Sasa, sisi watu wa kamera tuna mazoea: kadi ikiingia, fomati kwanza, ndipo uanze kazi. Akabonyeza ndiyo. Alipoona ni kubwa na tupu, akamwaga humo video za kitchen party ya Jumamosi.

Niliporudi alikuwa anakula chipsi. "Mbona iko fresh tu, braza? Ilikuwaga haifunguki."

Nilitamani kumsokomezea ile diski mpya mdomoni.

Nikahangaika na programu za kufufua mafaili mpaka macho yakauma. Kikatoka kipande kimoja. Mwalimu akakaa mbele ya skrini. MC anasema tumkaribishe mzazi. Mzee anainuka, anafunga kifungo cha koti, anapokea maiki, anafungua mdomo. Picha ikaganda.

Akasubiri. Hakuna kilichofuata.

"Angalau sura umeipata," bosi akasema. "Na hizi nasaha zinafananaga tu, sista. Mheshimu mume, usisahau kwenu."

"Baba yangu alisemaje?" akauliza.

Bosi ndiye aliyeshika kamera siku ile, hatua chache kutoka kwa mzee. Akaanza kukunja waya wa chaja.