Alama Kumi za Kaburini

Ili mtu apelekwe Lindi kusomeshwa sheria za Wajerumani na kurudi akiwa karani wa shauri, alitakiwa kupata alama arobaini kati ya hamsini. Mimi nilipata arobaini na moja. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanihurumia bure.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa misheni huko Lisekese, Masasi, yaani nilikuwa na ubao bila shule. Paa liliungua katika vita vya Maji Maji. Wenzangu wengine walikunywa dawa wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Mimi sikuiamini dawa, nikaziamini sana risasi, na nilikimbia mapema kuliko wote. Vita vilipokwisha nikarudi kufundisha juani, na wanafunzi waliokuja ni wale tu waliotaka kukwepa kulima.

Tena nilikuwa nimependa. Binti mwenyewe alikuwa wa Newala, huko juu ambako maji yako bondeni, na kila siku alipanda mtelemko na mtungi kichwani huku akinicheka mimi niliyekuwa nahema mikono mitupu. Kwa watu wetu, binti hutolewa na mjomba wake. Mjomba huyo alikuwa mnene, mwenye sauti kubwa, hakuwa wa msikitini wala wa kanisani. Alisali popote palipopikwa. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani.

"Shikamoo, mjomba," nilimwambia siku nilipokwenda kuposa.

"Marahaba, mtani. Mwalimu simpi mtu. Mwalimu anabebeshwa mizigo ya serikali kama punda, na mkewe anasumbuliwa na kila askari anayepita. Rudi ukiwa karani wa shauri."

"Unanitania."

"Hapa sitanii."

Basi nikaomba kufanya mtihani, na nikakesha na vitabu kwa ajili ya mwanamke, jambo ambalo misheni haikuwahi kunifundisha.

Sasa, mtani kwetu ana haki zake msibani. Kaburi likishachimbwa, yeye huingia, hulala chali mahali pa maiti, na hatoki mpaka wafiwa wampe kuku. Kuku akiwa mdogo humrudisha na kulala tena. Wafiwa humtukana, yeye huwatukana, watu hucheka, na kwa muda kidogo husahau kulia. Siku tatu kabla ya mtihani, mjomba yule alilala kaburini kwenye msiba wa mzee mmoja wa ukoo wetu, na alikuwa kwenye kuku wa pili alipopita akida mpya wa serikali kutoka pwani. Akida akaona mtu hai kaburini, umati unacheka, na kuku mikononi. Tangu vita, serikali ilikuwa ikiogopa kila kitu kilichofanana na dawa. Askari wakaitwa, na mjomba akatolewa kaburini akiwa bado anadai kuku mkubwa zaidi. Akafungiwa bomani Newala.

Mtihani ulifanyika kwenye baraza la boma hilohilo. Tulikuwa watano. Bwana shauri, hakimu wa Kijerumani aliyevuta masharubu kila alipokosa neno la Kiswahili, alitangaza alama papo hapo, na askari walitucheka kwa zamu. Baada ya imla, kusoma na hesabu nilikuwa na thelathini na moja. Mwenzangu wa Chiungutwa alikuwa na thelathini na nne. Likabaki swali moja la sheria, lenye alama kumi.

Bwana shauri akavuta masharubu, akasoma: "Mtu ameingia kaburini, amelala, hataki kutoka mpaka apewe kuku. Afanywe nini?"

Wote watano tulijua ni nani. Tulimsikia akikohoa chumba cha pili.

Nilijua jibu. Mtoto yeyote wa Masasi analijua: huyo ni mtani, apewe kuku. Lakini nilimtazama bwana shauri, nikautazama na mjeledi wa kiboko ukutani, nikahesabu alama tisa zilizonipungukia. Nikaandika: "Apigwe viboko hamsa ishirini." Nikatia nukta nzuri sana.

Yule wa Chiungutwa aliandika: "Apewe kuku, na akiwa mdogo aongezwe." Alipata alama mbili, za mwandiko. Akaenda zake akipiga mluzi, na nilimwona mjinga.

Kabla ya kutangaza alama hizo, bwana shauri alizishika karatasi muda mrefu. Nadhani alikuwa hajaamua. Labda aliuliza kwa sababu hakujua. Hatimaye akamwambia askari, "Wanne kati ya watano wamesema viboko. Watu wake wenyewe wamesema." Mjomba akatolewa adhuhuri ile. Sikubaki kutazama. Nilikuwa na alama kumi mfukoni na miguu yangu ile ya vita.

Niliporudi kutoka Lindi na tarabushi yangu, nilimkuta amelala kifudifudi mkekani, kwa mazoea sasa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, karani. Nasikia ulipata alama kumi. Mimi nilipata ishirini na tano. Nimekushinda." Akacheka mpaka akakohoa. "Ahadi ni deni, binti mchukue. Ila siku yangu ikifika, kaburini aingie mtani huyu huyu, asiingie mwingine."

Alinipa binti, na kwa miaka yote hakunitolea neno baya. Mtani hana ruhusa ya kukasirika. Niliona haya kila alipocheka, na alicheka sana.

Alifariki wakati wa kupalilia. Nilifika Newala na tarabushi kichwani, nikawakuta watu wamesimama kando ya kaburi lililo tayari, wananitazama. Nikavua tarabushi, nikaingia, nikalala chali. Udongo wa chini ulikuwa baridi.

"Sitoki bila kuku," nilisema.

Hakuna aliyenitukana. Mke wangu akaja ukingoni. "Karani, sheria yenu inasema ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Basi tulia." Akaanza kuhesabu. "Moja. Mbili." Watu wakacheka, kama inavyopasa. Alihesabu polepole, akiacha kati ya namba na namba nafasi ya mkono kuinuka. Kwenye kumi kicheko kilikuwa kimekwisha. Kwenye kumi na tano nililia, mimi mtani, ambaye kazi yangu ilikuwa kuwachekesha wao. Aliendelea mpaka mwisho bila kuruka hata moja.

Ndipo akanishushia kuku. Alikuwa kifaranga, hajafikia hata kuota mkia. Kwa mila nilikuwa na haki ya kumrudisha na kulala tena. Nilimpokea kwa mikono miwili, nikatoka.