Tulikwenda Jabal Akhdar kuchuma matufaha, mwanangu akazungumza na bibi ambaye hayupo

Wakuu, asalaam aleikum, na mnaonizidi umri shikamooni.

Nimesita miezi kuandika hii. Mimi si mtu wa majini. Kazi yangu ofisini, Ibra, hapa Oman, napiga mihuri karatasi za watu toka asubuhi, na mtu akija na hadithi za namna hii mimi ndiye wa mwanzo kumkejeli. Kwa hivyo mkinikejeli nitavumilia. Lakini haya yamenipata mwenyewe, mke wangu shahidi, na chumvi sijatia.

Mwezi wa tisa, joto linaanza kupungua, mke wangu Zuwena kasema twende Jabal Akhdar tukachume matufaha kabla msimu haujesha.

Yeye ana msimamo wake. Anasema wazee wa mlimani matunda yanawaozea, na sisi tuko supermarket tunanunua matufaha yaliyopakwa nta, yametoka nchi hata hatuzijui. Ukitaka wakulima wetu wabaki, nenda kanunue kwao. Kwa hilo sikuwa na ubishi naye.

Kwa mengine yote tulikuwa na ubishi. Niseme wazi, maana bila ya hivyo hamtanifahamu. Mimi na Zuwena tulishakata shauri tuachane. Kilichobaki ni Salma, mtoto wetu wa pekee, ana miaka sita, akae na nani. Mwenyewe tulikuwa hatujamwambia.

Sasa hapa wenzangu mliotoka Unguja na Pemba mtanielewa haraka.

Salma hatukumfundisha Kiswahili. Nyumbani kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya siri. Tukitaka kumsengenya mgeni mbele yake, Kiswahili. Tukitaka kugombana mbele ya mtoto, Kiswahili. Yeye ana Kiarabu chake na Kiingereza cha skuli, basi. Marehemu mama alikuwa akinisema sana kwa hilo, na mimi namjibu atajifunza akikua.

Basi njia nzima, Ibra mpaka Nizwa, Nizwa mpaka Birkat al Mawz chini ya mlima, tunamgawana mtoto. Sauti za chini, nyuso za kutabasamu, ungedhani tunapanga chakula cha mchana. Mimi nasema akae kwa dada yangu, mji wa Sur, mpaka mambo yatulie. Zuwena anasema mwanangu si sanduku la kuwekesha kwa watu. Salma yuko nyuma, anachora kwenye kioo kwa kidole.

Tukapanda mlima, 4x4 inanguruma, tukafika shambani kama saa nne asubuhi.

Mwenye shamba ni mzee mmoja, hapa nitamwita Ami Khalfan. Mashamba ya kule ni ya ngazi, moja chini ya jengine, kila ngazi ina ukuta wa mawe. Utaratibu wake mwepesi. Anakupa kikapu, unachuma mwenyewe, ukimaliza anapima kila ulichochuma. Matufaha yake madogo, ya kijani yenye wekundu ubavuni. Nikauma moja, maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Wallahi nilikuwa sijui tufaha lina harufu.

Nusu saa ile tulikuwa na raha. Zuwena kacheka. Nikasema moyoni, labda.

Kisha nikaharibu. Nikamwambia, kwa Kiswahili, nimeshazungumza na dada, wiki ijayo namchukua mtoto nampeleka Sur. Zuwena akaweka kikapu chini. Tukaanza, na safari hii sauti hazikuwa za chini. Ami Khalfan akajitia anakagua matawi.

Tulipogeuka, Salma hayupo.

Na ukungu umeshashuka. Waliofika kule wanaujua, unakuja mchana kweupe, dakika tano huoni mti wa pili. Tukamwita. Salma, Salma, taali, njoo. Kimya. Ami Khalfan akapauka uso, akasema ngazi ya chini kabisa ukuta umeanguka, na chini yake ni bonde.

Tukashuka tunapapasa mawe.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke mzee, chini yetu, taratibu, Kiswahili safi cha watu wa zamani wa Mji Mkongwe:

"Kaa kitako, mwanangu. Usende huko. Kaa, wanakuja."

Haikuwa sauti ya marehemu mama, msinipeleke huko. Sauti ile siijui. Zuwena kanishika mkono, kucha zimeingia. Naye kasikia.

Tukamkuta Salma amekaa chini, mgongo wima, mikono mapajani. Hatua mbili mbele yake ukuta hakuna, ni weupe mtupu. Mkononi ana tufaha lina jani lake bado. Pale alipokaa miti yote imekauka, maji ya falaj, ule mfereji wa mashamba, hayafiki miaka.

Zuwena akamkumbatia analia. Mimi nikamuuliza kwa Kiarabu, nani alikuwa nawe.

"Bibi mmoja. Kashaondoka."

"Kakwambia nini?"

"Kasema kaa kitako." Maneno hayo kayatamka kwa Kiswahili.

"Umejuaje maana yake?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Anasema kama nyinyi mnavyosema garini."

Kisha akasema, "Kaniuliza nataka kukaa na nani. Nikamwambia sijui, baba anataka nikakae Sur."

Miaka sita tunazungumza juu ya kichwa chake, na yeye anafahamu yote.

Tulipopanda, Ami Khalfan akatwambia pale kwake hakuna mwanamke yeyote siku ile, wote wameteremka harusini. Na Kiswahili hapo kijijini hajapata kukisikia kwa mtu. Akapima vikapu vyetu. Lile tufaha la Salma akaligeuza, akalinusa, akamrudishia bila ya kulitia mizani.

"Hili si la shamba langu," akasema.

Salma akalila lote garini mpaka kokwa. Hatukuthubutu kumkataza.

Hatujaachana mpaka leo. Wala sisemi tumepatana, tunajaribu. Kiswahili sasa tunazungumza naye waziwazi.

Nilichojifunza: kanunueni matunda kwa wakulima wa mlimani, wanastahiki. Na ukiwa na neno zito juu ya mwanao, mwambie mwenyewe kwa lugha anayoijua, maana ukimficha wewe atakuja kuambiwa na asiyemjua.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kila mimi na Zuwena tukipandisha sauti, hata kwa jambo la bili ya umeme, Salma anakaa kitako palepale alipo. Jikoni, mlangoni, juzi katikati ya maegesho ya magari. Mgongo wima, mikono mapajani. Halii, na ukimvuta hainuki.

Anangoja. Nami sijui anamngoja nani.

Basi wenye watoto, au mwenye kujua habari za bibi huyo, karibuni mnichangie. Mtoto akikaa hivyo, unamwambia nini ainuke?