Wageni Elfu Nne wa Mzee Ausi

Scholastika alianza kazi ya kuhesabu watu getini, kwenye uwanja wa mpira kule Namungo, akikata tiketi. Huko alijifunza kwamba shabiki anayetoka kununua karanga na kurudi si shabiki mpya, hata akirudi mara tano. Ujuzi huo ndio uliomponza.

Chama chetu cha wakulima wa ufuta, hapa Nachingwea, kilimpa mkataba wa kutunza tovuti. Mimi nilikuwa karani, nikitumia naye meza moja. Mwenyekiti wetu, Mzee Ausi, alikuwa ameshatangaza kila penye kipaza sauti kwamba tovuti inapata wageni elfu nne kwa mwezi. Sasa alitaka kalenda ya minada ifutwe, eti haisomwi, hotuba zake zipate nafasi. Scholastika alizaliwa Naipingo, kijiji cha ufuta, na alijua wakulima wanavyoitegemea kalenda hiyo. Akaomba kwanza arekebishe mfumo wa kuhesabu wageni, ionekane wanasoma nini. Mzee alikubali haraka, akidhani idadi itapanda.

Tatizo lilikuwa ofisini kwetu. Kwa agizo la Mwenyekiti, kompyuta zote sita zilifungua kurasa tatu za tovuti kila zilipowashwa, na kila ukurasa ukahesabiwa mgeni, na kwa umeme wetu huu ziliwashwa mara nane kwa siku. Yeye naye aliifungua kwenye simu kila akimaliza chai, aone kama idadi imeongezeka. Kweli ilikuwa inaongezeka.

Scholastika akaziondoa kompyuta zile na simu ile kwenye hesabu, akaweka mfumo uonyeshe mtu amefungua ukurasa gani na amekaa muda gani. Wakabaki wageni mia moja na kumi na wawili. Karibu wote walitafuta kalenda, na wengi waliondoka kabla haijafunguka, kwa sababu picha ya Mwenyekiti ilitangulia, nayo ilikuwa nzito kweli.

"Binti, huu mfumo wako mbovu," alisema Mzee Ausi. "Rudisha ule wa zamani."

"Ule ulikuwa unakuhesabu wewe, mzee."

Kwenye mkutano mkuu Mzee Ausi akaamua kumuumbua Scholastika. Akawataka wanachama wanaofungua tovuti wanyooshe mikono, akitarajia ukumbi mzima. Ikanyooshwa mikono michache, akasimama mmoja tu, Bi Zuleha wa Chunyu.

"Mimi nafungua, Mwenyekiti. Natafuta siku ya mnada. Inakuja sura yako, bando linaisha. Mwezi jana nimefikisha ufuta ghalani mnada umeshapita jana yake."

Ukumbi ulicheka, nami nikacheka. Bi Zuleha hakucheka, nikaona aibu.

Kalenda ilibaki. Mkataba wa Scholastika haukuongezwa. Siku yake ya mwisho aliipunguza ile picha ikawa kama ya kitambulisho, akaishusha chini kabisa. Mwenyekiti hajagundua mpaka leo, maana yeye hufungua ukurasa wa idadi tu.

Mnada uliofuata Bi Zuleha aliwahi na magunia yake. Aliponiona akauliza yule binti wa tovuti yuko wapi, amshukuru. Nilijifanya natafuta kalamu.